Wachora Katuni Wanauliza: Ubao Mkubwa Ufukweni, Wino Unaotambaa na Fulana Zisizo na Ruhusa

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Bagamoyo, na si ajabu. Mji wenye TaSUBa, taasisi iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, hauishiwi watu wenye kalamu mfukoni. Tulipozisoma barua hizo kwa pamoja tuliona jambo moja linajirudia: kichekesho kimekaa sawa, mchoro umekaa sawa, lakini kazi inaharibikia njiani, kwenye karatasi yenye unyevu, kwenye picha iliyotumwa vibaya au kwenye makubaliano ya mdomo. Majibu yetu yameelemea huko.

Shikamooni. Sisi ni wachora katuni saba wa Dunda na Magomeni. Tumesikia kwamba Uingereza, kwenye tamasha la katuni la Shrewsbury, wachoraji huchora kwenye mbao kubwa hadharani huku watu wakitazama. Tunataka kufanya hivyo ufukweni hapa Bagamoyo wakati wa msimu wa tamasha la sanaa. Tuanzie wapi?
*Kikundi cha wachoraji, Bagamoyo*

Marahaba, wanetu. Wazo ni zuri sana na linawezekana. Shrewsbury walianza mwaka 2004, na raha yake iko palepale mlipopaona: mtu anaona mstari wa kwanza ukipigwa, anabaki kungoja kichekesho kiive.

Nunueni plaiwudi mbili za futi 8 kwa 4, unene milimita 12. Za milimita 6 ni nafuu lakini hupinda siku hiyohiyo. Zilazeni kwa urefu, ncha kwa ncha, mpate ubao wa futi 16 kwa futi 4. Msizisimamishe. Ubao wa kimo cha futi 8 unahitaji ngazi, na mchangani ngazi huzama mguu mmoja mchoraji akiwa juu. Ukingo wa chini ukae futi 2 kutoka ardhini, wa juu utafika futi 6, na kila mtu mzima atafika kotekote. Kila mchoraji anahitaji kama mita moja na robo ya upana, kwa hiyo wanachora wanne kwa pamoja. Watatu waliobaki wapokezane zamu, wakoroge rangi na kuwaeleza watazamaji kinachoendelea. Msijibane saba wote. Viwiko vitagongana na mistari itaonyesha.

Nyuma ya kila plaiwudi pigeni fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2, pande zote nne na moja ya katikati, kwa skrubu na si misumari. Upepo unapoutikisa ubao, msumari huchomoka taratibu. Miguu iwe jozi nne, wa mbele na wa nyuma, na kila mguu wa nyuma ukanyage mita moja na nusu nyuma ya ubao. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani ubao mzito hauanguki. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao pwani ni wa kawaida alasiri, unausukuma ubao wenu kwa nguvu ya kama kilo 40, na ukitokea nyuma utaulaza kifudifudi juu ya watu. Wekeni kiroba cha mchanga cha kilo 25 juu ya kila mguu wa nyuma. Viroba vinne vinatosha.

Rangi ya msingi ni rangi ya maji nyeupe, ile isiyong'aa. Inayong'aa hurudisha mwanga machoni, na brashi huteleza juu yake. Hesabu ni hii: uso wa mbele ni karibu mita 6 za mraba, makoti mawili ni mita 12, na nyuma koti moja ni mita 6 nyingine. Lita moja hufunika kama mita 10, na plaiwudi mpya hunywa zaidi kwenye koti la kwanza, kwa hiyo chukueni ndoo ya lita 4. Itakayobaki ndiyo ya kufutia makosa. Koti la kwanza lipunguzeni kwa mililita 150 za maji kwa kila lita. Nyuma msiparuke: plaiwudi iliyopakwa upande mmoja hunyonya unyevu upande wa pili na kupinda kama ungo. Kingo zipakwe mara mbili, maana maji huingilia huko. Kati ya koti na koti subirini saa nne, na kazi yote iishe siku mbili kabla ya onyesho.

Kila mchoraji aje na rasimu iliyokubaliwa. Plaiwudi moja ni sentimita 244 kwa 122, hivyo kwenye karatasi ya A4 chora mstatili wa sentimita 24.4 kwa 12.2, uugawe kwa viboksi vya sentimita 2. Ubaoni kila kiboksi kinakuwa sentimita 20. Safu ya mwisho itabaki na milimita chache pembeni. Nazo zihamishwe vilevile, zidishwe mara kumi. Viboksi vipigwe kwa penseli nyepesi na uzi uliovutwa. Chaki nyekundu ya mafundi msiiguse, hupenya kwenye rangi nyeupe na haitoki. Kwenye maungio ya plaiwudi pasikae uso wa mtu wala neno.

Mistari mikubwa ipigwe kwa rangi ya maji nyeusi na brashi, bapa ya inchi moja kwa mistari minene na ya duara namba 6 kwa macho na vidole. Kalamu nene za marka zinavutia lakini juani ncha hukauka upesi, na rangi ya msingi ikiwa haijakomaa ncha huikwangua. Maneno yawe machache. Herufi za kimo cha sentimita 7 na nusu husomeka vizuri kwa mtu aliye mita 9. Chini ya hapo mnawaandikia waliosimama mbele tu.

Sasa jua na maji. Bagamoyo iko nyuzi 6 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia karibu tarehe 10 Oktoba hadi mapema Machi jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini, kwa hiyo uso wa ubao uelekee kaskazini. Miezi mingine geuzeni. Karibu na tarehe hizo mbili jua liko utosini kabisa, hapo hakuna dawa ila turubai juu. Ubao mweupe juani unaumiza macho hata mchoraji asione mstari wake. Maji nayo yana ratiba: wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji kwenye pwani yetu hujaa kama saa kumi alasiri, saa ileile mnayotaka watu wawe wengi. Ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare, maji yakija yanakuja kwa upana. Simamisheni ubao juu ya mstari wa mwani mkavu, au chagueni siku za maji mafu. Oktoba hadi Desemba kuna vuli, basi nailoni ya kufunika iwe imekunjwa chini ya ubao tangu asubuhi.

Barua ya ruhusa iende serikali ya mtaa na kwa afisa utamaduni wa halmashauri mapema, ikitaja siku, saa, mahali na mada, na polisi waarifiwe kwa kuwa mnakusanya watu. Mkitamani kuegemeza ubao kwenye kuta za Mji Mkongwe, tunawaomba msifanye hivyo. Kuta hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa, skrubu moja inabomoa plasta ya ukubwa wa sahani, na majengo ya kale yana sheria yake. Ubao wenu unasimama kwa miguu yake.

Je, nasi tuadhimishe siku ya wachora katuni tarehe 5 Mei kama wanavyofanya nje?
*Msomaji, Nianjema*

Mnaweza. Tarehe hiyo inakumbuka 5 Mei 1895, siku ambayo mhusika wa Richard F. Outcault, yule mtoto wa kanzu aliyekuja kujulikana kama Yellow Kid, alitokea kwa rangi katika gazeti la New York World. Kwetu siku hiyo huangukia masika. Fanyeni ndani: maonyesho ya nakala ukumbini au darasani, si kazi halisi zilizobandikwa ukutani kwenye unyevu.

Natumia kalamu ya nibu na wino mweusi wa kuchorea. Asubuhi mstari unatoka safi, mchana wino unatambaa pembeni kama mizizi. Nimebadilisha wino mara mbili, hali ni ileile.
*Mchora katuni, Kaole*

Usibadilishe wino tena, kosa liko kwenye karatasi. Karatasi ya kuchorea hupakwa gundi kiwandani ili wino ukae juu bila kuzama. Gundi hiyo ikiwa hafifu, au ikilegezwa na unyevu wa pwani na jasho la kiganja, wino hufuata nyuzi za karatasi, na hiyo ndiyo mizizi unayoiona. Ndiyo maana inazidi mchana: mkono wako umeshapita juu ya karatasi saa kadhaa.

Fanya jaribio. Kata vipande viwili vya karatasi ileile. Kimoja kifunge kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kikae usiku mzima. Cha pili kiache mezani. Asubuhi piga mistari kwenye vyote. Kama cha mfukoni ni safi, tatizo ni uhifadhi. Kama vyote vinatambaa, karatasi yenyewe ni dhaifu. Tafuta nyingine ya gramu 200 au zaidi kwa mita ya mraba, yenye uso laini mgumu. Karatasi za fotokopi za gramu 80 ni za rasimu tu.

Uhifadhi uwe hivi: karatasi zilale bapa ndani ya mfuko uliofungwa, utoe moja moja, na kabati likae sentimita 10 mbali na ukuta. Ukuta wa pwani hutoa jasho, na kabati lililougusa huota ukungu mgongoni kwanza, mahali usipopaona. Mchele kama kinyonya unyevu hatuushauri. Hunyonya kidogo sana, na huleta fukusi na vumbi. Unapochora, weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja na ukibadilishe kinapolegea.

Ukinunua nibu mpya, ina mafuta ya kuzuia kutu na wino utakatika katika mistari ya mwanzo. Ichome kwenye kiazi mbichi dakika chache, uifute, au ioshe kwa sabuni. Baada ya kazi usiiache na wino. Wino mweusi usiofutika kwa maji una utomvu unaoganda kati ya meno mawili ya nibu, na yakishaachana hayarudi. Osha, kausha kabisa, kisha weka kwenye kibati chenye kipakiti cha kunyonya unyevu. Hewa ya chumvi hula nibu kwa wiki chache.

Gazeti moja limerudisha katuni yangu mara mbili, wanasema mistari inakatika na weusi umekuwa na kivuli cha rangi. Kwenye simu yangu inaonekana vizuri kabisa.
*Msomaji, Kerege*

Simu inaonyesha picha ndogo kwa mwanga wake yenyewe. Karatasi ya gazeti ni kitu kingine: inanyonya, na kila nukta ya wino hutanuka. Kijivu cha asilimia 70 kinaweza kukaribia weusi, na mistari ya kivuli iliyosongamana huungana kuwa doa.

Ulizia kwanza upana wa nafasi yako. Ikiwa ni sentimita 15, chora kwa sentimita 22 na nusu, yaani mara moja na nusu. Mstari mwembamba kuliko wote usipungue milimita 0.3 kwenye karatasi yako, ili ukipunguzwa ubaki 0.2. Herufi ndogo ziwe milimita 4 kwa kimo.

Skani kwa nukta 600 kwa inchi, kwa kijivu, si kwa rangi. Kisha kwenye programu ya picha sukuma weupe na weusi hadi karatasi iwe nyeupe tupu. Ukizidisha, mistari myembamba inakatika, na huenda ndicho kilichokupata. Kikuze kichoro hadi ukubwa kamili na ukague kope na vidole kabla ya kuhifadhi. Kama huna skana, stationeri nyingi za mjini wanayo, ila wataje nukta unazotaka, maana wengi huiacha kwenye 200.

Kivuli cha rangi kinatokana na weusi uliochanganywa rangi zote nne za uchapaji, yaani buluu, nyekundu, njano na nyeusi. Mtambo wa gazeti hupiga rangi moja baada ya nyingine, na karatasi ikisogea hata robo ya milimita, kila mstari mweusi unapata pindo jekundu au la buluu. Mistari na maneno yawe weusi mtupu, asilimia 100 ya wino mweusi peke yake. Kwenye maeneo ya rangi, jumla ya asilimia za wino zote isipite 240.

Hifadhi faili kwa muundo wa TIFF, au wa PNG kama kazi haina rangi. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati, usiitume kama picha. Ikienda kama picha inabanwa, na ule ukungu unaozunguka mistari ndio msahihishaji wa gazeti anaoulalamikia.

Mhusika wangu wa katuni ameonekana kwenye fulana zinazouzwa sokoni. Sikuandikisha popote. Je, nimeshapoteza haki?
*Mchoraji, Bagamoyo mjini*

Hapana, hujapoteza. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, haki huanza pale kazi inapochorwa, haingoji cheti. Kwa mchoro inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Kuandikisha kazi COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki, kunakupa ushahidi, na ushahidi ndio unaokupungukia sasa.

Anza leo. Nunua fulana moja na udai risiti. Piga picha meza ya muuzaji ikionyesha bidhaa, andika tarehe. Kusanya rasimu zako za kwanza, gazeti au ujumbe wa zamani uliobeba mchoro huo, na faili asilia lenye tarehe. Muuzaji wa meza mara nyingi hajui lolote. Muulize kwa upole alikochukua mzigo, umtafute mchapaji. Mwandikie barua ukieleza kazi ni yako, unataka asitishe na mlipane, na umpe siku 14. Asipojibu, peleka kila kitu COSOTA. Usianze kwa kumtangaza mitandaoni kama mwizi. Ukikosea mtu, kesi inageuka kuwa yako.

Jina la mhusika ni suala jingine. Wasomaji walimjua Chakubanga wa gazeti la Uhuru na wanamjua Kingo wa James Gayo kwa majina, hata waliosahau vichekesho vyenyewe. Mchoro unalindwa na hakimiliki, lakini jina peke yake ulilinde kwa kulisajili BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kama alama ya biashara. Huko bidhaa zimegawanywa kwa madaraja: nguo ziko daraja la 25, machapisho daraja la 16. Usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Kama huna fedha ya madaraja yote, anza na lile wanakokuibia.

Na kuanzia sasa kila anayenunua katuni yako aandikiwe karatasi moja yenye mambo manne: chombo gani, mara ngapi, kwa muda gani, na kwamba kazi halisi inabaki kwako. Neno "nimemuuzia katuni" bila hayo manne limewaponza wengi.

Nimeombwa kuchora sura za wageni harusini. Nitoze kwa kichwa au kwa saa?
*Msomaji, Zinga*

Kwa saa. Ukitoza kwa kichwa utakimbizana na foleni na sura zote zitafanana. Mchoro mmoja wa weusi huchukua dakika 5 hadi 6 ukijumlisha kukaa na kuinuka, yaani kama watu 10 kwa saa. Mwambie mwenye shughuli namba hiyo kabla, ili wageni 200 wasidhani wote watachorwa. Chagua kitu kimoja cha kukuza usoni, tabasamu au nyusi au namna ya kufunga kilemba. Kovu na ulemavu viache. Wazee wachorwe kwanza, na uwaombe ruhusa.

Mashindano ya nje yananialika kutuma katuni. Nitajuaje kama si utapeli?
*Mchoraji, Mapinga*

Soma kipengele cha haki kabla ya kusoma zawadi. Waandaaji kuomba kuchapisha kazi yako kwenye katalogi na maonyesho yao ni kawaida. Wakiandika kwamba kila kazi iliyotumwa inakuwa mali yao, acha. Wakidai ada kubwa ya kuingia, acha pia. Angalia kama katalogi za miaka iliyopita zipo na kama majaji wametajwa.

Kazi isiyo na maneno husafiri vizuri zaidi, kwa kuwa jaji hasomi Kiswahili. Tuma A3 kwa nukta 300 kwa inchi kama hawakusema vinginevyo, kwa nakala, na kazi halisi ibaki nyumbani. Saini iwe fupi na isomeke hata ikipunguzwa. Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam anayejulikana kwa kazi zake katika Nation la Nairobi, husaini herufi nne tu, Gado, na hakuna anayeuliza ni nani. Saini yako iandike ndani ya mchoro, karibu na mguu wa mhusika au kivuli chake. Ikikaa kwenye kona tupu, mwizi anaikata kwa mkasi mmoja.